Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: kabla ya kibali, tuonyeshwe thoriamu itakaa wapi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KIBALI CHA KIWANDA CHA KUTENGANISHA MADINI ADIMU

Nakuandikia nikiwa mhandisi wa uchenjuaji, tena miongoni mwa wanaotaka kiwanda hiki kijengwe. Nalisema hilo mapema ili barua hii isichukuliwe kuwa ya mtu anayepinga mradi. Ombi langu ni moja: usitie saini kibali cha kuanza uzalishaji mpaka hifadhi ya kudumu ya taka zenye thoriamu, metali yenye mionzi inayotoka ardhini pamoja na madini adimu, iwe imejengwa, imekaguliwa, na fedha za kuitunza zimeshawekwa benki.

Sababu za kujenga nazielewa. Anayeuza makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujatenganishwa, anauza mchanganyiko, na bei nzuri humfuata yule anayeweza kutenganisha elementi za madini adimu kama neodimiamu, praseodimiamu, disprosiamu na tebiamu, ambazo ndizo hutengeneza sumaku za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. China peke yake hufanya zaidi ya asilimia 85 ya kazi ya kutenganisha duniani. Aprili 2025 ilipoanza kudai vibali kwa elementi saba zinazouzwa nje, disprosiamu na tebiamu zikiwemo, haikuchukua muda viwanda vya magari vya nchi nyingine vikaanza kulalamikia uhaba wa sumaku. Kwa hiyo wawekezaji watabisha hodi mlangoni kwako, na watakuwa na haraka. Mimi naihofia haraka hiyo.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Elementi za madini adimu ziko 17, na karibu zote zikiyeyushwa katika tindikali hubeba chaji tatu chanya. Kinachozitofautisha ni ukubwa wa ayoni, yaani chembe yenye chaji, unaopungua kwa takriban asilimia moja tu kutoka moja hadi inayoifuata. Kiwanda kizima kinasimama juu ya asilimia hiyo moja. Maji yenye madini hukorogwa pamoja na mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali inayozishika elementi nzito kuliko nyepesi. Yakiachwa yatulie, mafuta huelea juu yakiwa yamebeba nzito kwa wingi kidogo zaidi. Tangi moja haliamui kitu. Mafuta huelekezwa upande mmoja na maji upande mwingine, tangi baada ya tangi, mamia kwa mamia. Kiwanda kinachotaka kutoa elementi nyingi moja moja huweza kupita matangi elfu. Seriamu ina nafuu yake, kwa sababu inakubali kuoksidishwa hadi chaji nne ikaondolewa mapema. Neodimiamu na praseodimiamu hung'ang'aniana kiasi kwamba viwanda vingi huziuza zikiwa pamoja.

Mfumo wa namna hii huhitaji wiki, mara nyingi miezi, kabla haujatulia. Umeme ukikatika au kiwango cha tindikali kikiyumba, usafi uliojengwa kwa muda wote huo unavurugika. Katika miaka ya 1970 Profesa Xu Guangxian wa Chuo Kikuu cha Peking alibuni nadharia iliyowezesha kukokotoa hatua hizi kwenye karatasi badala ya kubahatisha kwenye matangi, na China ikapiga hatua kubwa kutokana na kazi hiyo. Desemba 2023 nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza nje teknolojia yake ya kuchopoa na kutenganisha madini adimu. Mwekezaji atakayekuahidi uzalishaji kamili miezi michache baada ya uzinduzi, muulize ni wataalamu gani wataendesha matangi hayo, na kama makinikia ya mgodi wake yameshapitishwa kwenye mtambo wa majaribio.

Sasa nirudi kwenye thoriamu. Katika monazaiti, mojawapo ya miamba mama ya madini adimu, thoriamu hufikia asilimia kadhaa ya uzito na pengine hupita kumi. Mwamba unapochomwa kwa tindikali ya salfuriki au kuchemshwa na soda kali, madini adimu huendelea na safari hadi sokoni, lakini thoriamu hubaki kwenye tope pamoja na radiamu inayozaliwa nayo. Thoriamu huchukua takriban miaka bilioni 14 kupungua nusu. Hakuna kampuni wala serikali itakayoishi muda huo, ndiyo maana fedha za utunzaji zinapaswa kutolewa wakati mwekezaji bado anakihitaji kibali chako.

Malaysia imeyapitia haya. Kiwanda cha Bukit Merah, karibu na Ipoh, kilianza kuchenjua monazaiti mwaka 1982 kabla suala la hifadhi ya kudumu halijamalizwa. Palipotafutwa mahali pa kuhifadhi taka, wakazi wa Parit walikataa, wa Papan wakakataa pia, na mwaka 1985 wakazi wa Bukit Merah walikwenda mahakamani. Kiwanda kilifungwa mwaka 1994, na kazi ya kusafisha eneo ikaja kugharimu takriban dola milioni 100 za Marekani. Kiwanda cha Lynas, kampuni ya Australia, kilichopo Gebeng nchini humo humo, ni cha aina nyingine, na haki isemwe: makinikia yake yana thoriamu kidogo sana kuliko monazaiti ya Bukit Merah. Hata hivyo, leseni yake ilipohuishwa mwaka 2020, baada ya miaka kadhaa ya uzalishaji, ndipo kujenga jaa la kudumu kulipofanywa sharti. Wakati huo mlima wa mabaki ulikuwa umeshasimama, na ajira za watu zilikuwa zimefungamana nao. Waziri anayejadiliana katika hali hiyo ana nguvu ndogo mno.

Kuna taka nyingine isiyozungumzwa sana kwa sababu haitishi: chumvi. Ili mafuta yachukue madini inabidi yatiwe soda au amonia, na baadaye tindikali ya kuyaondoa humo. Kwa hesabu ya kemia tu, kutenganisha tani moja ya oksidi ya neodimiamu kwa soda kunazaa zaidi ya tani moja ya chumvi katika mzunguko mmoja, na mizunguko ni mingi. Amonia ikitumika, maji machafu hujaa nitrojeni inayoua samaki. Mchoro wa kiwanda usioonyesha mtambo wa kuvukiza maji hayo na kukusanya chumvi haujakamilika, hata kama matangi yake yamepangwa vizuri.

Mheshimiwa Waziri, iagize kampuni ilete hesabu ya thoriamu: kilo ngapi zitaingia na makinikia kila mwaka, ngapi zitakwenda kwenye kila tope, kila bomba na kila chujio, na jumla yake ilingane na zile zilizoingia. Wapime mionzi na maji ya visima kabla ya kuchimba msingi, ili baadaye pasiwe na ubishi kuhusu hali ya mwanzo. Vipimo hivyo, pamoja na ramani ya hifadhi, vibandikwe katika ofisi za vijiji jirani kwa lugha inayosomwa na wakazi, kabla hawajaitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Kama wizara inahitaji watu wa kuikagua hesabu hiyo mstari kwa mstari, mimi nipo tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa uchenjuaji wa madini