Hamira haijafa, ina njaa

Juzi Jumatano papa mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, aliingia dukani kwetu, nyuma yake kijana wa pikipiki amebeba bidoni ya lita 20 ya mvinyo wa asali aliokuwa anautengeneza. Alipofungua kifuniko, harufu ya mayai yaliyooza ikajaa butiki nzima. "Mmeniuzia hamira iliyokufa!" akasema mbele ya wateja watatu. Yeye ni wa tano mwaka huu kutuletea neno hilo, na linatuuma, kwa sababu hamira yetu tunaijaribu kabla ya kuiuza.

Ingekuwa imekufa, maji ya asali yangekaa kimya, bila povu. Harufu ile hutoka kwa hamira iliyo hai inayofanya kazi na njaa: ikikosa naitrojeni, chakula inachohitaji pamoja na sukari, inatoa gesi yenye salfa. Tukamuuliza papa kama alitia ule unga wa pakiti ndogo tunaouuza wa kuilisha hamira. Hakuununua. "Bibi yangu alitengeneza kasiksi maisha yake yote bila unga wenu."

Ni kweli, papa, lakini kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ina mtama. Juisi ya ndizi na unga wa mtama vinaipa hamira sukari na vinailisha pia. Asali ni karibu sukari tupu, bugali bila majani ya sombe wala samaki wadogo wa sambaza. Mvinyo wa asali unataka kama miligramu 200 za naitrojeni kwa kila lita, na asali iliyochanganywa na maji mara nyingi haifikishi hata 50. Gramu 1 ya DAP ya chakula (fosfati ya diamoniamu, ndio ule unga wa pakiti) kwa lita inaongeza kama 210. Ndiyo maana pakiti yetu ya bidoni ina gramu 20, zimegawanywa katika vifuko vinne vya gramu 5, kila kimoja kimepimwa kwa mizani ndogo kama ile ya wauza dhahabu.

Sasa tuje kwenye jina hilo, DAP, maana linatuletea hatari. Mama mmoja wa Nguba alilisoma kwenye pakiti, akakumbuka gunia la mbolea lenye jina hilohilo ambalo kaka yake anatia kwenye mahindi kule Kabare. Akapiga hesabu: kilo nzima ya mbolea ni rahisi kuliko pakiti yetu ya dola 3. Akatia kiganja kizima. Alipokuja kutueleza, kwa furaha, kwamba amegundua siri yetu, tulimwomba akamwage yote, pamoja na kilo 6 za asali zilizokuwa ndani. Alilia, na sisi tuliumia naye. Mbolea hutengenezwa kwa mawe ya fosfati na haisafishwi kwa ajili ya tumbo la mtu. Inaweza kubaki na kadmiamu na metali nyingine. Urea ya shamba nayo msiiguse. Dola 3 mnazolalamikia zinalipia unga uliosafishwa kwa ajili ya chakula, na mikono inayoupima.

Wengine wanatia zabibu kavu kwa sababu waliambiwa zinatosha kuilisha hamira. Zinaleta ladha, lakini kwa bidoni nzima chakula chake ni kidogo mno.

Kuna pia wanaonunua pakiti halafu wanamimina vifuko vyote vinne usiku wa kwanza, wakalale. Hamira inakula kwa pupa, bidoni inapata joto, na mvinyo unatoka mkali kooni. Kifuko cha kwanza ni saa 24 baada ya kutia hamira, cha pili saa 48, cha tatu saa 72. Cha nne kinangoja sukari ishuke kwa theluthi: kile kijiti cha kioo kinachoelea na kupima sukari (haidromita) kikianzia 1.090, tia kikifika 1.060. Kikishafika 1.020 usitie tena, kwa maana pombe imeshakuwa nyingi na hamira haiwezi kuupokea unga huo. Na kila mara, kabla ya kutia, koroga polepole mpaka gesi itoke. Kijana mmoja wa Kadutu alimwaga unga bila kukoroga, povu likaruka hadi kwenye dari, na siku mbili nyumba yake ilikuwa ya sisimizi.

Bidoni ya papa ilikuwa imekwama kwenye 1.055. Tulikoroga gesi ikatoka, tukatia kifuko kimoja na vijiko viwili vya hamira ya mkate iliyochemshwa dakika 10, kwa sababu hamira iliyokufa ni chakula cha iliyo hai. Ijumaa ilikuwa inachemka tena na harufu imepungua sana, ingawa ile harufu nzuri ya asali haitarudi yote.

Bado unaamini tumekuuzia hamira iliyokufa? Leta hamira iliyobaki kwenye pakiti yake. Tutaitia kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, mbele yako. Ikikaa nusu saa bila povu, unapewa mpya na tunakulipia asali yako.