Ile beringi iliyo chini ya kitanda chako

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala kiwanda chenu cha sukari, kwa sababu najua hauko peke yako. Mafundi wengine, kuanzia huku Nakuru hadi huko kwetu Kakamega, watasoma wakidhani nawaambia wao. Wasome tu.

Krismasi ulikaa chini ya mwembe na tupa, ukaisugua ile spana namba 24 hadi herufi za kiwanda zilizogongwa kwenye mpini zikafutika. Unga wa chuma ulikuwa unakudondokea magotini. Mama alipita na ndoo akauliza unanoa nini, ukamjibu unatoa kutu. Halafu ukanipa mimi spana hiyo, zawadi ya kinu changu cha kusaga mahindi. Nikapokea na kusema asante. Jambo hilo linanikosesha usingizi.

Ulisema wakubwa wanatoa mali kwa lori usiku, na nyinyi hamjalipwa miezi mitatu. Kuhusu mshahara, uko sawa kabisa. Hata mimi ningekasirika. Lakini deni hilo ni haki yako, na lina pa kudaiwa: chama cha wafanyakazi, afisa wa leba, hata Mahakama ya Kazi pale Kisumu. Siku utakayoshikwa getini na bushi za shaba ndani ya mkoba wa chakula, nani atakuuliza tena habari ya mshahara? Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukufuta papo hapo, ingawa ni lazima akusikilize kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Halafu kuna kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu: anayemwibia mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7. Mwanao yuko gredi ya 2. Piga hesabu.

Lakini kinachonichoma zaidi si jela. Ni ile beringi, kile kipuri kinachofanya mhimili uzunguke bila kukwama.

Niliiona ndani ya gunia, bado imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta, haijawahi kuguswa na grisi. Ulisema ni ya mkanda wa kupandisha miwa na kwamba kuna mnunuzi. Haya, fikiria iliyo kazini ikikwama saa nane usiku. Fundi wa zamu anakimbia stoo, kadi inasema ipo moja, rafu iko tupu. Mkanda umesimama, vinu vimesimama, na huko nje trela zimejipanga na miwa iliyokwisha kukatwa. Unajua kuliko mimi kwamba miwa ikishakatwa haisubiri mtu. Inafaa isagwe ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo sukari inapungua na uzito unashuka. Mkulima analipwa kwa tani. Na mkulima mmojawapo ni mama, ambaye shamba lile lilimchukua karibu miezi 18 ya palizi na mbolea ya mkopo kabla ya kuona lori la kwanza.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nilipokuwa kibarua katika kiwanda kimoja hapa Nakuru, drili ilipotea. Aliyekuwa stoo alikuwa kijana kama wewe, wa kulipwa kwa siku. Sahihi kwenye daftari ilikuwa yake, kwa hiyo alikatwa pesa na wiki iliyofuata hakuitwa tena kazini. Nilimjua aliyeichukua. Alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunakula pamoja, na nilinyamaza. Yule kijana alitoka getini amebeba ovaroli yake kwenye karatasi ya nailoni. Hakutuaga.

Huko kwenu pia kuna mtu anayeshika daftari la stoo. Wewe unamjua jina, mimi simjui.

Jumamosi ninapanda matatu ya asubuhi. Usimpigie mnunuzi. Usiifungue ile karatasi. Tutamwona kwanza mwakilishi wa chama, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, kisha twende naye stoo. Huenda kazi ikaenda. Hilo siwezi kukuficha. Ikienda, utakuja kukaa kwangu hadi upate nyingine, na ada ya mtoto nitaibeba muhula huu.

Spana yako nimeifunga kwenye gazeti. Iko juu ya meza karibu na mlango, nisije nikaisahau.

Kaka yako