Barua kwa Salma kuhusu ukurasa wa Mwajuma

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anauliza kama kile kikohozi kimekuachia huko Dodoma. Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Idi. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya Mwajuma.

Ukurasa wake wa kuuzia vitenge mtandaoni umefungwa. Jumanne alikuta ujumbe wa mistari miwili kwamba amevunja masharti, bila kutajiwa sharti lenyewe, wala hapakuwa na ofisi au namba ya simu ya kuulizia. Duka la Kariakoo lipo na mzigo upo, lakini wateja wa Mbeya, Mwanza na Unguja aliowakusanya kwa miaka sita hana njia ya kuwapata. Aliponiuliza kwa nini asihamie kwingine pamoja nao, nilikosa jibu, na swali hilo halijaniacha nilale vizuri.

Unakumbuka zamani mtu wa mtandao mmoja wa simu alivyopata tabu kumtumia pesa wa mtandao mwingine? Kuanzia mwaka 2014 kampuni zilianza kuunganisha huduma hizo, na tangu 2017 tunahama mtandao na namba zetu. Hakuna kampuni iliyokufa kwa hilo, zimelazimika kutubembeleza. Kwa nini basi mteja awe mali ya jukwaa la mtandaoni?

Ulaya wamelikabili jambo hili kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo tangu Machi 2024 inazibana kampuni kubwa kama Apple, Amazon na Alphabet, wenye Google: mtumiaji aweze kuondoka na taarifa zake, na WhatsApp ifungue mlango kwa programu shindani zinazoomba kuunganishwa nayo. Faini yaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote. Mzee Kondo anasema hayo ni ya wenye nguvu, sisi tutulie. Sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu mwaka 2024 Nigeria iliitoza Meta, wenye Facebook na WhatsApp, faini ya dola milioni 220, na mwaka uliofuata baraza la rufaa likaithibitisha.

Narudi kwa Mwajuma, maana ndiye anayeumia. Nataka tumwandikie barua ya kwenda Tume ya Ushindani, lakini mimi si mwanasheria. Je, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaweza kuifikia kampuni isiyo na ofisi hapa nchini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa haki ya kudai kumbukumbu zake? Tuanze na Tume au na kampuni yenyewe? Na unaweza kushuka kwa treni Ijumaa, ili Jumamosi tukae naye dukani tuiandike pamoja?

Wako akupendaye,
Rehema