Mnyamawamtuka si mjusi wa Tendaguru

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mbeya, na wiki iliyopita wanafunzi wangu waliingia darasani na makala ya gazeti lako kuhusu dinosau wa Bonde la Ufa la Rukwa. Naipongeza nia ya mwandishi, lakini naomba nafasi nisahihishe mambo mawili.

Makala imemfanya Mnyamawamtuka, mmoja wa dinosau hao wa Rukwa, kuwa sawa na yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na hadi leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Ni kweli wote wawili ni sauropodi, yaani walaji wa mimea wenye shingo ndefu na miguu minne, ila koo zao ni mbali. Wa Tendaguru ni wa jamii ya brakiosauri, ambao miguu yao ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mnyamawamtuka ni titanosauri, jamii nyingine ya sauropodi, na alikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye, katika kipindi cha Kretasia.

Titanosauri hutambulika zaidi kwa pingili za mkia. Ukiokota pingili ya mkia wa ng'ombe kwenye bakuli lako la supu, utaona ncha zake zote mbili zinakaribia kuwa bapa. Kwa titanosauri wengi, ncha ya mbele imebonyea kama kikombe na ya nyuma imetokeza kama mpira, hivyo pingili moja huingia ndani ya nyingine. Nimelieleza hilo darasani kwa mifupa ya buchani, na limeeleweka kuliko mchoro wowote.

La pili ni jina. Mwandishi anadokeza kwamba neno "moyowamkia" limetokana na moyo uliohifadhiwa pamoja na mifupa. Hapana. Wataalamu walioipa spishi hiyo jina la Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019 walitazama pingili za katikati ya mkia, ambazo uso wake wa nyuma una umbo la moyo, na sehemu ya kwanza wakaichukua kwenye mto Mtuka, unaokauka kiangazi, ambako mwaka 2004 mifupa ilionekana juu kwenye ukuta wa genge, hata wachimbaji wakalazimika kuning'inia kwa kamba. Utaratibu huohuo wa kulitazama umbo la mfupa ndio uliompa jina Shingopana songwensis, titanosauri mwingine wa Rukwa aliyetangazwa mwaka 2017: miiba ya pingili za shingo yake imevimba kwa namna isiyo ya kawaida.

Naomba pia maelezo ya picha yasahihishwe, kwa sababu mifupa iliyochapishwa chini ya jina la Mnyamawamtuka ni ile ya Berlin.

Mwalimu wa Baiolojia,
Mbeya