Mabosi, 25 Julai mkumbuke na wazazi wa wafanyakazi wenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mabosi wa makampuni na maofisi kabla Julai haijafika. Kila tarehe 25 Julai tunaangalia kwenye TV Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, tarumbeta inapigwa basi imeisha. Mimi napenda sana ile shughuli wala sina neno nayo. Ila siku ile sio ya mapumziko, kwahiyo watoto wa haohao mashujaa muda huo wako kaunta wanahudumia wateja, wako godauni, wako barabarani na malori, na pale kazini hakuna hata mmoja anayejua kwamba baba yake huyu alipigana.

Kwetu mwaka jana tulijaribu kitu kidogo. Meneja alituma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la stafu, mwenye mzazi au babu au ndugu aliyetangulia mbele za haki na alikuwa jeshini alete jina na picha kama ipo, akaweka ubao pale mapokezi, asubuhi ya tarehe 25 tukasimama wote majina yakasomwa. Nusu saa haikufika. Dada mmoja wa uhasibu alileta picha ya baba yake aliyoitoa kwenye kitambulisho cha zamani, stesheneri waliikuza mpaka ule muhuri ukaonekana umepita juu ya bega la mzee, na chini yake akaandika kwa mkono "Mgambo, Kagera". Nimekaa na huyu dada ofisi moja miaka mingi tu, tunakula wote mchana, sikuwahi kujua.

Na hapo kwenye mgambo ndio wengi wanapasahau. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera, Mwalimu akatangaza vita tarehe 2 Novemba, walioenda hawakuwa wanajeshi wa JWTZ peke yao. Walienda mgambo, JKT, polisi, magereza, watu waliotolewa mashambani na makazini kwao wakafundishwa bunduki haraka haraka wakapandishwa magari kwenda mbele, na Kampala ikachukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi wengi walivua gwanda wakaendelea na shughuli zao kimyakimya. Aliyekuwa na miaka 20 kipindi kile sa hivi anakaribia 70, kwahiyo wanaondoka kila mwaka, na wanaowazika ni hawahawa wafanyakazi wenu mnaowaandikia ruhusa ya msiba bila kuuliza marehemu alikuwa nani.

Tena sio Kagera tu. Kuna waliozikwa Naliendele kule Mtwara, waliokufa Msumbiji. Kuna vijana wetu wa kulinda amani waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, watoto wao nao wanakua na wataanza kuomba kazi kwenye maofisi hayahaya. Kwetu kulizuka na ubishi kuhusu mababu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, waliopelekwa mpaka Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, mmoja akasema wale walimpigania Mwingereza wasiwekwe. Mimi nasema wawekwe. Walikuwa watu wa kutawaliwa, wengi hawakuulizwa, na mjukuu anayeleta jina la babu yake hajaleta siasa.

Kitu kilichoniuma sana ni walinzi. Walinzi wetu na kina mama wa usafi wameajiriwa na kampuni nyingine kwa mkataba, kwenye grupu la stafu hawamo, kwahiyo ule ujumbe haukuwafikia. Mzee wa getini alipita asubuhi akasoma ubao mzima amesimama, halafu akauliza kwa heshima kama na yeye anaruhusiwa kumuandika kaka yake aliyefia Uganda. Picha hana. Tulikata manila tukaandika jina kwa maka pen, akalishika yeye mwenyewe kulibandika. Jamani mabosi, mkifanya hili kitu anzieni getini, muwaambie kwa mdomo, msitegemee grupu.

Na tafadhali msiligeuze likawa la michango, wala tisheti zenye nembo ya kampuni, wala kupiga picha za kurusha mtandaoni kutafutia wateja. Muulizeni mwenye marehemu wake kwanza, kuna ambao hawapendi kuliongelea na wana haki yao.

Jambo lingine kubwa ni ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, hilo tunashukuru. Sasa huyu ambaye baba yake yupo kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba, tangu akiwa mtoto mdogo, yeye anaishi Dar, basi la kwenda tu ni safari ndefu sana, akiomba ruhusa ya kwenda kuliona kaburi anaambiwa asubiri likizo yake ya mwaka. Kuna watu wamezeeka hawajawahi kulikanyaga hilo kaburi. Kampuni inashindwa nini kumpa mtu wa hivyo siku hizo 4 hata mara moja tu kwenye maisha yake yote ya kazi, na ikiweza imchangie nauli? Haiwezi kufilisika kwa hilo.

Na wewe Mhariri nina ombi kwako, gazeti lenu litenge hata nusu ukurasa mwezi wa saba, wasomaji tulete majina ya wazee wetu, jina, kijiji alichotoka na alikopigana, bila malipo ya tangazo. La baba mkubwa wangu nitakuwa wa kwanza kulileta.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam