Benki, benchi na daftari la Neema

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mama mpe shikamoo yangu. Najua nimekaa kimya mno, na habari za kazini nitakusimulia siku nyingine, kwa sababu linalonikera sasa ni la mdogo wako.

Unakumbuka Neema alivyoniuliza kwa nini kwenye kitabu chake cha Kiingereza mto una "bank", yaani ukingo, neno lilelile la benki ya fedha? Alicheka mpaka machozi, akasema kumbe samaki nao wanaweka akiba. Nikamjibu harakaharaka kwamba ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Akaandika kwenye daftari. Salma, nimempotosha mtoto! Juzi nimeketi na kamusi ya asili za maneno, na tangu hapo sina raha.

Si bahati, ni ndugu. Yote mawili yanarudi kwenye neno moja la kale la lugha zilizozaa Kiingereza, Kijerumani na jamaa zao, lenye maana ya kitu kilichoinuka mfano wa rafu. Kwa watu wa Skandinavia likabaki ardhini, likawa tuta, na Waingereza wakalichukua huko kwa ukingo wa mto. Tawi jingine likaingia ndani ya nyumba, likawa kiti kirefu cha mbao. Waitalia wakalipokea, wakaita banca, na wabadilisha fedha wao walifanyia kazi kwenye benchi au meza ya namna hiyo. Polepole jina likahama kutoka kwenye ubao hadi kwenye biashara, na mwishoni mwa karne ya 15 likawafikia Waingereza likiwa na maana hiyo ya fedha. Wagiriki nao, hadi leo, benki wanaiita trapeza, yaani meza.

Sasa sikia lililonigusa zaidi. Sisi tumeazima yote mawili, benki na benchi! Dada wa tumbo moja walioolewa mbali, wakaja kukutana kwenye Kiswahili bila kujuana. Mtu anakaa kwenye benchi akisubiri zamu yake benki, kumbe amekalia jina lenyewe.

Na kufilisika je? Kiingereza kinasema "bankrupt", kutoka banca rotta ya Kiitalia, benchi lililovunjika. Letu limetoka Kiarabu, kwenye fals, sarafu ndogo ya shaba, na ndilo ndugu wa fulusi. Wao wanavunjikiwa benchi, sisi tunabaki na vishaba. Naona letu linauma zaidi.

Yako mengine ambayo Kiingereza nayo kinayaita "bank", ndege kulala upande ikigeuka (hilo limetokana na mteremko wa ukingo), safu ya wapiga makasia, ambayo nayo ni benchi... nikiyafuata yote barua haitaisha. Ila hili mwambie Neema, kwa kuwa anautaka udaktari: "benki ya damu" ni jina alilolitunga daktari Bernard Fantus mwaka 1937, kwenye hospitali ya Cook County, Chicago. Damu inawekwa, inatunzwa, inatolewa kwa mwenye shida. Neno lililoanza na kipande cha mbao likafika hapo!

Basi nakuomba sana, msomee barua hii wewe mwenyewe. Afute nilichomwambia, na ule mfano wa kaa autoe kabisa. Mwambie swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Sipendi aje ayasikie haya kwa mtu mwingine, akaona nilimjibu ili anyamaze tu. Sivyo, niliamini ninachosema.

Je, ameshamwonyesha mwalimu? Daftari bado analo, au ndilo lile alilokusanya? Huyo bibi yenu anayejua maneno ya zamani, mahali pa kuweka fedha walipaitaje enzi zake, walisema benki vilevile? Mguu wa Juma umepona? Na wewe lini unakuja, au ndiyo mpaka Rehema ajifungue? Nijibu upesi, hata mistari miwili, lakini la daftari lianze.

Wako akupendaye,
Tatu