Barua ya kufunga muhula wa kwanza: mbona kompyuta za watoto zimebadilika

Kwa wazazi na walezi wetu,

Salamu nyingi. Tumefika mwisho wa muhula salama, mvua ilitusumbua pale geti watoto wakawa wanaingia na viatu mkononi lakini masomo hayakusimama. Ripoti ya mtoto iko ndani ya hii bahasha, mambo ya karo yako kwa karatasi tofauti, na tarehe ya kufungua walimu wa darasa wameandika kwa daftari la nyumbani, tafadhali msianze kuulizana kwa grupu usiku. Hii barua nimeitenga kwa jambo moja tu, kompyuta, maana simu yangu haijapoa tangu wazazi waskie ati shule imetoa Windows na Word ikaweka vitu vya bure.

Ni kweli tumetoa. Na pesa ilikuwa ndani ya hiyo hesabu, sitawazungusha.

Mnajua kompyuta zetu ni za mtumba, zilitoka maofisini huko mjini, nyingi ziko na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB na zilikuwa zinatumia Windows 10. Sasa Microsoft ilisimamisha apdeti za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ukitaka kwenda Windows 11 inakuuliza chipu ya ulinzi inaitwa TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi, vitu ambavyo mashini zetu hazina na hata ukiongeza RAM hazitapata. Kwa hivyo tulikuwa tunaambiwa tutupe kompyuta zinazowaka vizuri kabisa, tununue zingine, na hiyo bili mnajua ingeishia kwa nani. Ama tuendelee hivyo hivyo bila ulinzi, na watoto wenyewe wanakuja na flashi zimetoka kila saiba ya mtaa. Bodi ilikaa, tukajadili, tukakubaliana fundi aweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ile ndogo ya Xfce ambayo hata RAM ya 2GB inaikubali. Mashini ya pale pembeni karibu na dirisha, ile watoto walikuwa wanapigania wasikalie, ilikuwa unaiwasha unaenda choo unarudi bado inafikiria, siku hizi mwalimu hajamaliza kuita majina na imeshafunguka.

Wengi wenu mkiskia Linux mnaona ni kitu cha ajabu, na kumbe mnayo mfukoni. Simu ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa, moyo wake ni Linux. Ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa chuo huko Helsinki, Linus Torvalds, akaiachilia kwa intaneti watu waiboreshe, na kabla yake 1983 Mmarekani anaitwa Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa programu huria wa GNU, na msimamo wake ni kwamba mtu akiwa na programu awe na haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua aone imeandikwaje, kuibadilisha, na kumpatia jirani. Hiyo ya mwisho ndio mimi kama mwalimu nimeipenda sana. Nikimpatia mtoto kazi ya likizo ya kompyuta, naweza pia kumpatia programu yenyewe aende nayo nyumbani kwa flashi, na hakuna sheria tumevunja, si yeye si mimi.

Kuna baba mmoja aliniuliza hapa ofisini, mwalimu, kama ni nzuri hivyo mbona hawauzi? Swali la maana kabisa. Wanakula, msijali. Kampuni kama Red Hat, Intel na Google zinalipa mainjinia waandike Linux kwa sababu biashara zao zenyewe zimekaa juu yake, na wengine wanapata pesa kwa kufunza na kurekebisha, kama vile fundi wetu anavyolipwa kwa mikono yake na si kwa leseni. LibreOffice nayo, ile tumeweka mahali pa Word, iko chini ya shirika linaitwa The Document Foundation tangu 2010, linaendeshwa na michango na watu wa kujitolea. Na kabla mtu aseme hayo ni mambo ya wazungu, programu inaitwa Ushahidi iliandikwa na Wakenya na marafiki zao hapa hapa wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, ndio watu watume ripoti za vurugu kwa SMS na zionekane kwa ramani. Waliiacha wazi, yeyote aichukue na aibadilishe. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Watoto wa gredi ya 8 walipoelezwa hiyo walikataa kuamini ni kitu cha Nairobi, nikawaambia haya basi, na nyinyi mtaandika nini?

Sasa ile sababu ingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko pesa. Kuna wale mnakumbuka mwaka juzi ripoti zilichelewa mkanilaumu sana. Tulikuwa tumenunua programu ya kuweka maksi kutoka kwa kampuni fulani, tunalipa kila muhula, na siku malipo yalichelewa kidogo tukafungiwa nje. Maksi za watoto wenu, rekodi za miaka yote hiyo, majina, namba zenu za simu, zote ziko kwa seva ya mtu mwingine na sisi tunaziangalia kwa mbali, tukiuliza tupatiwe nakala tunaambiwa faili zinafunguka na programu yao peke yake. Niliona vibaya sana. Hizo ni data za watoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaongea waziwazi kwamba lazima mzazi akubali kwanza, na mimi nikawa siwezi hata kumwambia mzazi data ya mtoto wake iko kwa chumba gani. Muhula huu maksi zote zimeingizwa kwa Calc ya LibreOffice, ile ya majedwali kama Excel, faili iko kwa diski yetu na nakala nyingine imefungiwa kwa kabati ya ofisi. Faili zenyewe zimehifadhiwa kwa mtindo unaitwa ODF, ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, ukitaka kuzifungua na LibreOffice sawa, na Excel na Google Sheets pia sawa. Mwalimu wa maksi amelalamika wiki ya kwanza, ya pili akanyamaza, na ripoti mmezipata leo kwa wakati.

Wacha niwaeleze kitu niliona mwenyewe, maana najua mwingine atasema mwalimu mkuu anaongea mambo ya karatasi. Niliingia chumba cha kompyuta gredi ya 5 wakiandika insha ya Kiswahili. Zamani insha ya Kiswahili kwa kompyuta ilikuwa ni damu, kila neno limepigiwa mstari mwekundu chini, nilifurahi mstari, shangazi mstari, mpaka mtoto anaona labda Kiswahili chote ni makosa, wengine walikuwa wanabonyeza pale pa kurekebisha na kompyuta inawapatia neno la Kizungu halina kichwa wala miguu. Sasa LibreOffice iko na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, fundi aliitafuta kwa orodha ya lugha chini ya Kenya akakosa, kumbe iko chini ya Tanzania, tukasema si jirani ni yule yule. Mtoto mmoja wa kike ameandika "tulienda kumsabahi nyanya", anaangalia skrini, hakuna mstari. Mstari ukatokea mahali ameandika "alifrahi". Akasimamisha kidole, akasoma polepole, akaongeza u. Hakuna mtu alimwambia. Alirekebisha na akaendelea kuandika vile nyanya aliwachinjia kuku.

Wadogo wa gredi ya 1 mpaka 3 wanatumia GCompris, michezo ya kuhesabu na kusoma zaidi ya 100, na Tux Paint ya kuchora, hiyo ya pili msishangae mtoto akija nyumbani anaiga ule mlio wa rangi, tumezoea. Wakubwa wanajifunza kuandika programu kwa kupanga vipande vya Scratch. Na kwa sababu bando ni ghali na intaneti yetu mnaijua, kompyuta moja imewekwa Kolibri na Kiwix, programu za kusomea bila intaneti, ndani yake kuna video za hesabu na sayansi na Wikipedia yenyewe, zingine zote zinasoma kutoka kwa hiyo moja kupitia raota bila kutumia hata shilingi ya bando. Stima ikipotea ni shida kama kawaida, hapo Linux haisaidii.

Kuhusu ile hofu ya mtoto akienda kuandikwa kazi ataulizwa Word. Mtoto wa gredi ya 4 ataandikwa kazi baada ya miaka mingi, na Word hiyo haitakuwa hii. Sisi wenyewe tulijifunza na menyu za zamani, 2007 wakabadilisha kila kitu juu ya skrini, na tuliosoma kitu kinaitwa aya, pambizo, jedwali tulizoea, waliokariri bonyeza hapa bonyeza pale ndio walipotea. Nataka mtoto ajue jedwali ni nini, halafu ofisi yoyote imkute. Lakini nisiwapake mafuta pia. Faili ya Word iliyopambwa sana ikifunguliwa na LibreOffice wakati mwingine inasogea, picha inahama, fonti inabadilika, kwa hivyo kazi ya kuprinti tutumieni kwa PDF. Printa yetu ya zamani ilikataa kabisa mwanzoni mpaka fundi akakaa nayo jioni nzima. Na ofisi ya bursa imebaki na Windows kwa mashini moja kwa sababu programu ya uhasibu anayotumia haina njia ingine bado. Portal ya KNEC, baraza la mitihani, tunaifungua na Firefox bila shida, huko hakuna kilichobadilika.

Jambo la mwisho linawahusu nyinyi zaidi. Wazazi, acheni kulipa watu huko mtaani wawawekee Office ya wizi. Najua mnajua, mtu anakuchaji mia tano, anazima antivairasi kwanza ndio "iingie vizuri", halafu mtoto anakuja shule na flashi yenye mafolda yamegeuka shotikati zote. Muhula huu imetokea tena na tena na zamani ingeangusha chumba kizima, sasa Linux inaziona tu kama takataka mwalimu anafuta, lakini kompyuta yako ya nyumbani nani anaifuta? Ile pesa nunua flashi ya 16GB.

Jumamosi ya kwanza ya likizo chumba cha kompyuta kitakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Njoo na hiyo flashi tukuwekee LibreOffice ya Windows na ya Mac, GCompris na Tux Paint, zote zinafanya kazi kwa laptopu yako hivyo ilivyo, si lazima ubadilishe chochote. Mwenye laptopu iliyozeeka na anataka kuiona na Linux Mint bila kugusa vitu vyake, fundi atamwonyesha vile inawaka kutoka kwa flashi, ukiipenda unaamua, usipoipenda unachomoa. Kama unataka iwekwe moja kwa moja, tafadhali kwanza hamisha picha na faili zako mahali pengine, fundi hatashika mashini ambayo haina nakala. Ambao wako na simu peke yake, GCompris iko kwa Play Store, haina matangazo na haikulipishi.

Ada ya kompyuta inabaki ile ile muhula ujao, haiongezeki. Kilichobaki kwa leseni tumenunua RAM na hedifoni, risiti ziko kwa bursa mwenye kutaka kuziona aulize bila woga. Na kama kuna mzazi kati yenu anafanya hii kazi ya kompyuta kwa mshahara na ana Ijumaa jioni moja kwa mwezi ya kukaa na gredi ya 8 na 9, anitafute ofisini, chai iko.

Wenu,
Mwalimu Mkuu